Gari Lililoacha Kuyumba

Mama yangu alizaliwa kisiwani Chula, na mpaka siku alipoolewa Kismayo hakuwa amepanda kitu chochote chenye magurudumu. Alijua mashua tu. Kwa hiyo baba alipomtia ndani ya gari lake kwa mara ya kwanza, na gari likakata kona na kulala upande, mama alifanya alichofundishwa tangu hajaota meno. Alijitupa upande uliokuwa juu, akapiga ukelele: "Goshini!"

Goshini ni ule upande wa chombo unakotoka upepo, unaoinuka tanga likijaa. Abiria wote hukimbilia huko ili uzito wao ukirudishe chombo chini. Anayebaki demani, upande wa chini, huyo ama ni mgonjwa ama ana lake moyoni.

Baba alikuwa baharia kabla ya kununua gari, na alijua vizuri sana kwamba gari si mashua. Hakumwambia. Magari ya kule usukani wake uko kushoto, na mama alikaa mbele, kulia kwake, kwa hiyo kila kona ya kushoto ilimleta mama mpaka begani kwa baba. Baba alikuwa na njia yake ya kurudi nyumbani kutoka bandarini, ndefu bila sababu yoyote, imejaa kona za kushoto. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa, siku nilipoelewa kwa nini.

Sisi watoto kiti cha nyuma tulilelewa hivyo hivyo. Gari lilikuwa kuukuu, la Kitaliana, springi zake zimelegea, na kila kona lililala kama mtu anayetafuta usingizi. Mama akiita goshini, sote tunasukumana upande mmoja, mdogo analia amebanwa, mkubwa anacheka. Siku moja tulimpa lifti jirani yetu Msomali, mama mmoja mwenye maneno. Alitutazama tukiinama kulia, tukiinama kushoto, mwisho akashindwa kunyamaza.

"Walaal, ndugu yangu," akamwuliza mama, "hivi nyinyi mnaswali humu ndani?"

"Nawe sogea, dada," mama akamjibu kwa lugha ya kisiwani kwao, ambayo mtu ni mchu. "Mchu mmoja akikaa demani, twapinduka sote."

Na kweli akasogea. Tulipomshusha mlangoni kwake alikuwa mwenzetu kabisa, ameshika kilemba chake, anauliza ikiwa kuna kona nyingine.

Yote haya nayakumbuka kwa sababu ya kipande cha chuma.

Sasa tunakaa Mombasa, mimi, mume wangu na mama. Mume wangu ni mtu wa hapa hapa, Mvita wa kuzaliwa, mpole kupita kiasi. Watu husema Mungu alimpa subira yake na yangu akampa yeye vile vile, na mimi sibishani nao. Mama tunaye miaka mingi. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni. Baadaye akasahau njia ya kwa jirani, kisha watu. Sikufahamu kwamba mtu anaweza kuondoka kidogo kidogo hivyo, huku bado unamchania nywele. Nyumbani hapa alikuwa amefika mahali pa kukaa kimya kutwa, ameshika pindo la leso yake, na akisema neno ni "shukrani, bibi" unapomletea uji. Bibi, ananiita mimi!

Lakini ndani ya gari alikuwa mtu mwingine. Tulikuwa tukimpeleka kliniki kupima presha, na gari la mume wangu ni stesheni wagoni ya zamani, refu, lenye tabia zile zile za gari la baba. Linayumba. Kona ya kwanza tu mama alikuwa ameamka. "Goshini!" Na mara ile unaona macho yake yamepata kazi.

Mwanzoni tulimweka kiti cha mbele. Makosa. Kule mbele mama aliangukia bega la mkwewe, na mume wangu, ambaye mpaka leo hapeani mkono na mama mkwe bila kuinamisha kichwa, aliganda kwenye usukani huku akileta istighfari moja baada ya nyingine. Nikamhamishia nyuma, tukakaa pamoja, yeye kushoto na mimi kulia. Kona za kulia aliniangukia mimi, hapakuwa na neno. Kona za kushoto alijitupa dirishani. Mkanda alikuwa akiufungua kila nilipomfunga, na ukifikiri vizuri hana kosa, maana nani hujifunga kamba ndani ya chombo kinachoweza kuzama? Siku moja tukafika kliniki ana nundu juu ya jicho. Muuguzi akanitazama mimi. Nilijua ananifikiria nini, na nikarudi nyumbani nimefura.

"Gari lako litamuua mama yangu," nilimwambia mume wangu.

"Si gari, ni yeye anayejirusha."

"Anajirusha kwa sababu linalala! Lizuie lisilale."

Akafikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema jambo hilo lawezekana. Alinichukua nyuma ya gari, akachutama, akanionyesha fimbo ya chuma iliyopinda ncha zote mbili, imepita chini ya tumbo la gari kutoka gurudumu hili hadi lile. Stebilaiza. Kazi yake, alisema, ni kuyafanya magurudumu mawili yasiachane: upande mmoja wa gari ukitaka kuinuka, chuma kinaupinda na kuurudisha kwa mwenziwe. Ile yetu ilikuwa nyembamba, na imechoka. Akitia nene zaidi, gari litakata kona limesimama wima.

Aliipata kwenye yadi ya magari mabovu, imetolewa kwenye gari la aina ile ile lililokuwa likibeba mizigo. Ile ya zamani ilikuwa nene kama kidole changu cha shahada, hii kama dole gumba lake. Akaja nayo imefungwa gazeti, anatabasamu, utadhani ameninunulia kanga.

Kazi tuliifanya uani, baada ya sala ya Ijumaa. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, naye alikuwa amezimwagia mafuta ya taa tangu jana yake. Akainua gari nyuma kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akatia na matofali kwa ajili ya roho yangu, kisha akaingia chini kwa mgongo. Mimi nilikuwa mgawa spana: namba kumi na nne, namba kumi na saba, hapana si hiyo, ile ndefu. Bolti moja ilikataa katakata. Aliivuta, spana ikateleza, vidole vikajikwangua kwenye chuma, nikaona damu inashuka mpaka kiko cha mkono. Hakutukana. Mimi nilimtukania.

Chuma cha zamani kikatoka. Akatia bushi mpya za mpira, akazipaka grisi, akakipandisha kile kinene na kukifunga kwa vile vishikio vyake. Nikadhani tumemaliza, nina njaa, nikamwambia akaze twende tukale. Akasema la, hakazi mpaka gari literemke likae kwa uzito wake. Mpira ukikazwa gari likiwa linaning'inia, likishuka unajipinda, na utalia kila siku mpaka ukatike. Basi tukaliteremsha, akajipenyeza tena chini, akakaza. Mama alikuwa ameketi kibarazani akitutazama, ameshika pindo la leso.

Ile fimbo nyembamba sikuitupa. Mwasumini wangu ulikuwa umeanguka kwa mvua, nikaichimbia pale ncha yake moja, nikaufunga mche kwa uzi. Ikafaa sana.

Safari ya kwanza baada ya hapo niliomba dua kabla ya kuondoka. Kona ya kwanza, gari likapita limetulia kama meza. Ya pili vile vile. Raundabauti tukaizunguka, nami nimetoa mkono wangu tayari kumpokea mama, na mkono ukabaki hewani. Mama hakuondoka mahali pake. Mume wangu akanitazama kwenye kioo, nikamwonyesha dole gumba. Nilifurahi, Mungu shahidi yangu. Muuguzi alimtazama mama usoni, akanitazama na mimi, safari hii akanipa kiti.

Zikapita safari mbili tatu. Nundu ilipona. Mama alikaa kitini kama kifurushi kilichopakiwa vizuri, mikono mapajani, macho kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa nikimsemesha. Mama, tazama maembe yale. Mama, leo jua kali. Hakuna. Nikajiambia ni maradhi yanasonga mbele, daktari alikwisha kutuambia. Nikajiambia mambo mengi.

Mpaka siku tulipokuwa tunarudi, tumesimama kwenye foleni, mama akanigeukia. Akanitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama abiria mwenziwe aliyemkuta kwenye chombo.

"Samahani, bibi," akasema. "Wewe u mwana wa nani?"

Nilimwambia. Nilitaja jina langu, la baba, la babu yangu mpaka kisiwa. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Watu wema," akasema. "Nilikuwa nawajua." Kisha akarudi kwenye kioo chake.

Sikulia pale. Nililia nyumbani, jikoni, nikikata vitunguu visivyokuwa na mchuzi wa kuingia. Na katika kule kulia ndipo nilipolisikia lile neno lake, lote, kama alivyokuwa akilisema kila kona. Mimi nilikuwa nasikia "goshini" tu, kwa sababu ndilo lililokuwa likitujeruhi. Lakini hakuwa akisema goshini tu. Alikuwa akisema: "We mwana, ndoo goshini!" Ndoo ni njoo ya kisiwani kwao. We mwana. Mimi. Mahali pekee palipobaki duniani ambapo mama yangu alinijua kuwa ni mwanawe palikuwa ndani ya gari linalolala, na mimi nimelinyoosha.

Nikaenda kwa mume wangu. Alikuwa anasoma gazeti, kovu bado jekundu kidoleni.

"Kitoe kile chuma."

Akashusha gazeti. "Chuma gani?"

"Unachokijua. Rudisha cha zamani."

Sijamwona akikasirika ila mara chache, na hiyo ilikuwa mojawapo. Alisimama. "Wewe mwanamke, wataka nini hasa? Likiyumba wapiga kelele, lisipoyumba wapiga kelele. Tazama mkono wangu! Na kichwa chake je? Arudi kukigonga?"

"Nitakikinga mimi."

"Kwa nini?"

Ndipo nikamwambia, nimesimama hapo hapo na kisu cha vitunguu mkononi. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimemsimulia njia tuliyotoka. Alijua tulikimbia, alijua baba hayupo. Haikuwa siri. Ni kwamba kila nilipoanza, niliishia kuzungumza mengine.

Nilimwambia kwamba vita vilipoingia Kismayo baba alitupakia sote kwenye lile gari, na magodoro juu, na jirani yule mwenye maneno pamoja na watoto wake, watu juu ya watu. Tulishika njia ya kusini, kwenye mchanga, tukifuata pwani. Mahali fulani tairi za upande mmoja zilipanda tuta, gari likainama, likainama, nikaona kichaka kimekuja dirishani kwangu. Mama akaita goshini. Na watu wote, wetu na wasio wetu, waliokuwa ndani na waliokuwa wameng'ang'ania nje, wakajitupa upande wa juu kwa pamoja. Jirani yetu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Gari likasimama kidogo likifikiri, kisha likarudi chini. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Risasi zilikuwa nyuma yetu na baba anacheka, anampiga mama begani, anasema, "Nahodha wangu huyu!"

Tulifika ufukweni, mkabala na Chula. Wajomba zangu walikuwa wameleta mashua. Tukateremsha watoto, magodoro, sufuria. Baba hakuteremka. Dada yake alikuwa bado mjini, mja mzito, siku zake zimewadia, na hakuna wa kumtoa. "Nakwenda kumchukua, nakuja," akasema. Mama akamwambia, "Usigeuze, bwana. Twende." Akasema tena, "Usigeuze gari." Baba akamwambia hata chai haitapoa.

Akageuza. Pale pwani mchanga ulikuwa mgumu, akakata kona ya kushoto kwa kasi, na gari likalala kama kawaida yake. Lakini safari hii lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu wa kulikalia goshini. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, kifurushi kichwani, na mwili wake wote ulikuwa umeinama kushoto, peke yake, akilivuta lile gari kwa mbali lisipinduke. Alibaki hivyo mpaka liliponyooka na kupotea vichakani.

Hakurudi. Wala shangazi, wala gari. Tulingoja Chula mpaka wenye bunduki wakafika na huko, tukachukuliwa kwa mashua kwenda Kenya. Watu wametuletea habari tofauti tofauti, kila mmoja na yake, na mimi siziamini zote. Baba yangu namkumbuka kila siku ya Mungu. Nikiona mtu amekata kona vibaya barabarani, badala ya kumlaani kama watu wenye akili zao, moyo wangu hukimbilia kuangalia ni nani aliye kwenye usukani.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaninyang'anya kisu taratibu, akakiweka mezani. Alikwenda uani. Nilipotoka nikamkuta amechutama kwenye mwasumini, anaufungua uzi fundo baada ya fundo, asivunje tawi. Aliing'oa fimbo, mche ukalala chini. Akaifuta udongo kwa kanzu yake, kanzu nyeupe, nami sikusema neno, jambo ambalo yeye mwenyewe anasema halijapata kutokea.

Kukirudisha kile chuma kulikuwa kwepesi zaidi, kwa kuwa bolti zilikuwa bado na grisi. Nilimpa spana bila kuombwa. Mto mmoja wa kitandani niliukata, nikaushonea kamba, nikaufunga kwenye dirisha la mama.

Safari iliyofuata tulitoka asubuhi. Njia ya kutoka kwetu imenyooka sana, na nilikuwa naona kila gari linalotupita. Mama ameketi, mikono mapajani. Mimi nimeshikilia kiti cha mbele. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba tumechelewa, kwamba kile kidogo alichobaki nacho kimekwisha kuondoka katika zile wiki za utulivu, na mimi ndiye niliyekifungia nje.

Tukafika raundabauti. Kliniki unaifikia kwa kuizunguka karibu yote, unageuza kama anayerudi ulikotoka, kisha unaingia njia ya kando. Mume wangu akapunguza mwendo, akaingia. Gari likaanza kulala.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha nikausikia uzito wake. Bega lake likaja kwenye bega langu, likasukuma, na mkono ukanishika nguo ya kifuani kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Goshini! We mwana, ndoo goshini! Mwataka kumpindua babako?"

Nikasogea. Nikajibana mlangoni kwa uzito wangu wote, na mama juu yangu, tukicheka au tukilia, sijui. Nywele zake zilinuka mafuta ya nazi niliyompaka mwenyewe asubuhi. Alikuwa ananitazama usoni kwa karibu, na ananijua.

Kisha akainua kichwa, akatazama mbele, kwenye mgongo wa yule aliyeshika usukani, na akaona gari linageuka, linarudi lilikotoka. Uso wake ukabadilika.

"Usigeuze, bwana," akasema. Sauti ilikuwa ya msichana. "Twende. Usigeuze gari."

Kwenye kioo niliyaona macho ya mume wangu. Tangu anioe hajamjibu mama yangu neno lolote bila kutanguliza "mama". Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyo.

"Sigeuzi," akasema.

Akanyoosha usukani, akaiacha njia ya kliniki, akatoka kwa barabara iliyokuwa mbele yetu. Mama akavuta pumzi, akarudi kitini pake, akiwa bado amenishika nguo. Tukaenda.